Utupa wa Saa Tatu Asubuhi

Maharage yangu ya chini ya migomba yalipotoa maua, vidukari weusi waliyavaa kama masizi. Dawa ya dukani sikuitaka. Bibi shamba wa kata yetu hapa Muleba alikuwa ametufundisha kutwanga majani ya utupa, kuyaloweka usiku kucha, kuyachuja na kutia sabuni kidogo. Akasema, "Mama zangu, nyunyizeni jioni, nyuki wakishalala." Nilimsikia vizuri. Shule niliishia darasa la tatu, lakini masikio yangu ni mazima.

Ila jioni ile jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa inasali kwangu. Nilikuwa na nyasi mpya za kutandika sebuleni na kahawa ya kutafuna ya wageni. Nikajiambia, jani la kwenye ua wangu mwenyewe litamdhuru nani? Nikanyunyiza saa tatu asubuhi, maharage yanavuma nyuki, na matone yakafika hadi kwenye maua ya mibuni. Utotoni niliona utupa ukitiwa mtoni na samaki wakielea, tumbo juu. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, kibanja chake kinapakana na changu. Ana mizinga miwili aliyoachiwa na baba yake. Mtoto hakujaliwa. Nilikuwa namtania, "Wanao wamekula?" Naye hujibu, "Wamekula, wameniachia vyombo."

Jioni alichelewa sala. Aliingia na jani la mgomba, akalifungua katikati yetu: nyuki, wengine bado wanapiga miguu. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Majina yao yote nayakumbuka, na nani alikaa wapi, ila siyaandiki. Wakati wa maombi ulipofika akasema, "Tumwombee aliyeniulia nyuki kwa sumu ya dukani. Bwana amshike mkono."

Macho yote yakamwendea baba mmoja alimaye nyanya, kwa kuwa ndiye mwenye bomba la kunyunyizia dawa. Akainamisha kichwa. Wote tukaitikia, "Twakuomba utusikie." Na mimi niliitikia.

Usingizi haukuja. Kulipopambazuka nikaenda. Wifi alikuwa anafagia chini ya mzinga.

"Wifi, ni mimi. Ni utupa."

"Utupa gani?"

"Wa kwenye maharage. Si sumu ya dukani, waitu, mwenzangu, ni majani tu."

Akaendelea kufagia. "Jana uliitikia. Nilikusikia kuliko wote."

Nikainama kuokota nyuki waliobaki kwenye vumbi.

"Na mwenye nyanya je?"

"Nitamwambia leo."

"Utamwambia mbele ya wale wale. Kwenye sala. Usimnong'oneze huko migombani."

Wiki iliyofuata nikasimama, nikasema yote. Mwenye nyanya akasema, "Mama, yamekwisha," akanisogezea kahawa. Wifi hakuja siku hiyo.

Mzinga mmoja ulibaki mtupu. Wa pili ulikuwa na nyuki wachache, akauhamishia Kanazi kwa wajomba zake. Mibuni yangu msimu huu ina matawi yenye mapengo, buni mbili hapa, tatu kule.

Tukikutana njiani, wifi hupiga magoti na kunisalimia kwa heshima zote, kama mtu anavyosalimia mgeni aliyetoka mbali. Zamani hakuwa na salamu hizo. Alikuwa anaingia tu jikoni kwangu na kufunua sufuria.