Kafuri Ndani ya Bomba

"Huyu? Labda atuchemshie chai," walisema majirani mtaani kwetu Kaloleni niliporudi kutoka Dubai. Kinyozi akaongeza, "Niaje, Profesa! Ulienda ng'ambo kusomea majani?" Nilikuwa na diploma ya kemia, niliyojilipia kwa kufua mashuka ya hoteli. Niliwaambia nitatoa mafuta ya kivumbasi jikoni kwa mama, niyatie kwenye sabuni ya kuua viini. Na niliyatoa.

Sufuria kubwa niliazima kwa akina mama wa kanisa, bomba la shaba kwa fundi wa friji. Majani yalifika soko la Muthurwa kwa basi kutoka magharibi. Nilikaza kifuniko kwa nati, nikawasha gesi. Mvuke ulipita kwenye bomba, ukapoa ndani ya ndoo ya maji, yakatoka matone ya mafuta.

Nilitaka yatoke haraka. Nikaomba barafu kwa muuza nyama wa soko la Burma, nikaijaza ndooni. Matone yakapungua, yakakatika. Sufuria ikaanza kunguruma. Hapo nikaelewa: mafuta ya kivumbasi hiki yamejaa kafuri, na kafuri ikipoa sana huganda. Bomba limeziba, mvuke hauna pa kutokea.

Mama alikuwa chumba cha pili, mguu kwenye plasta.

"Baba," aliniita, "ni nini hicho kinalia?"

"Hakuna kitu, mama."

Nilizima gesi. Kifuniko kikazidi kuvimba. Kumbeba mama nje kulihitaji kupita kando ya sufuria ile. Niliipiga teke ndoo, nikanyakua thamosi, nikamwagia bomba chai ya moto.

"Chai yangu!" mama akalia.

Bomba likakohoa, likatema donge jeupe kama chumvi, kisha mvuke. Nilikaa sakafuni kwenye maji ya barafu.

Mafuta niliyopata niliyapeleka maabara. Kwenye sahani yenye bakteria, karatasi niliyoichovya mafutani ilizungukwa na duara safi; hakuna kilichoota hapo. Nikayatia kwenye sabuni, ikanunuliwa mpaka Muthurwa.

Siku niliyomaliza kuwalipa wote walioniazima, fundi alipata bomba jipya, akina mama wakapata sufuria mpya na kuja kuchukua ya zamani. Mmoja akainusa.

"Wali wa harusi sasa utanukia dawa ya kifua!"

Nilicheka nao. Lakini nati za sufuria ile walizifungua wenyewe. Mimi nilisimama mlangoni mpaka kifuniko kilipotoka.