Birika la Naisenya na jicho la Kahiga lililobaki

Saa nne asubuhi, vumbi la machimbo ya mawe ya Kitengela limeshatanda, na Kahiga amenyoosha mkono apewe chai. Hapewi.

"Dawa kwanza, Baba Sheryl," anasema Naisenya, mama anayewauzia wachonga mawe chai na mandazi. Birika liko mkononi na hana haraka.

Kahiga anatoa kichupa mfukoni, anainua uso na kudondosha tone katika jicho la kulia. La kushoto halihitaji tena. Presha ya macho ililipofusha mwaka jana, polepole, bila maumivu, dawa ikiwa kabatini kwake Noonkopir.

"Si ati nilikataa," anasema. "Naanza vizuri, halafu inanitoka kwa kichwa. Ukiweka dawa husikii kitu. Usipoweka, pia husikii kitu."

Maisha yake yamekwenda hivyo. Aliacha shule, akaacha ufundi wa umeme, akafuga kuku mpaka wakafa kwa kiu. Mawe ndiyo yaliyomshika, ingawa siku nzuri hayampi zaidi ya shilingi mia nane.

"Jiwe likinyooka unaliona hapo hapo," anasema. "Hiyo raha siwezi kuiacha."

Ni baada ya jicho kupofuka ndipo daktari mjini Kajiado alipomwambia ana upungufu wa umakini, hali aliyozaliwa nayo. Soipan, muuguzi wa kliniki ya macho, hukasirika akisikia mtu akimwita mvivu.

"Ubongo wake hausikii zawadi ya mbali," anasema. "Kuona miaka kumi ijayo ni mbali sana. Chai iko karibu."

Yeye ndiye aliyemwomba Naisenya azuie birika. Lakini mwezi ujao Naisenya anahamia Nkoroi kumuuguza mamake.

Kahiga ana mpango. Kila jioni atamwachia Obura, mchongaji mwenzake, nyundo yake, na asubuhi asirudishiwe kabla ya dawa. Anachotaka ni kumwona bintiye Sheryl, anayechapwa kila mara kwa kuacha kazi ya shule katikati.

"Hiki kichwa ni mimi nilimpatia," anasema. "Nataka nimwone akimaliza kitu. Hata kimoja."

"Na Jumapili, machimbo yakifungwa?" anauliza Naisenya.

Kahiga anapokea kikombe. Anakunywa chai yake, anaokota nyundo na kurudi kwenye mawe, kichupa kimebaki pale alipokuwa ameketi. Naisenya anakipangusa vumbi na kumfuata nacho.