Vidole Vinne vya Barafu

Marie-Claire huvaa misumari shingoni kuanzia Novemba hadi Machi. Ni misumari miwili minene. Kila mmoja umepigiliwa kwenye kipini cha mti kinachojaa kiganja, ncha zimefunikwa kwa vizibo vya chupa, na vipini vimeunganishwa kwa kamba inayopita nyuma ya shingo. Huivaa chini ya koti, kwenye basi, njiani kwenda kuhudumia wazee, hata kanisani. Kwa miaka mitatu niliiona nikadhani ni mapambo ya huko alikotoka. Sikuuliza. Mimi ni katibu wa ibada yetu ya Kiswahili hapa Kingsbury, London, kazi yangu ni ratiba, na mtu wa ratiba hutazama saa kuliko anavyotazama watu.

Alizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Vita vilimpeleka kambini Kigoma, akakaa miaka tisa, kisha yeye na binti yake Raïssa wakapelekwa Ufini, katika mji mdogo wa kaskazini ambako ziwa huganda likageuka uwanja kwa miezi mitano. Jirani yao alikuwa mzee mkavu, asiyesalimia mtu. Siku moja aligonga mlango wao na samaki wanne wenye mistari, kama sangara waliodumaa, akaondoka bila neno. Marie-Claire alimfuata kumwuliza wametoka wapi. Hivyo ndivyo alivyoanza kuvua juu ya barafu, miaka kadhaa kabla ya kuhamia huku kwetu.

Yule mzee hakumfundisha ndoano kwanza. Msimu wote wa kwanza alimfundisha maziwa ya kuyaacha. Ziwa ambalo mto unaingia na kutoka, liache, kwa sababu maji yanayotembea huila barafu kutoka chini na juu usione kitu. Penye daraja, acha. Penye matete, acha. Tafuta ziwa dogo lililotulia, lenye ghuba iliyojificha upepo, na ukilipata usiliamini: toboa ukingoni, pima, tembea hatua kumi, toboa tena, pima tena. Barafu nyeusi inayong'aa kama kioo ndiyo yenye nguvu. Nyeupe ni theluji iliyolowa ikaganda. Hiyo ni mwongo.

Haya yote niliyajua nikiwa nimechelewa.

Desemba ya mwaka juzi alijiandikisha kutoa ushuhuda. Alinionyesha alichokiandika, kurasa tatu. Ya kwanza ilihusu maziwa, ya pili samaki. Ya tatu ilieleza siku ya Aprili alipotumbukia, na jinsi misumari ile ilivyomtoa. Nilimpa dakika nne. Nikamwambia, "Mama Raïssa, watu wanakuja na mizigo yao. Wape ushindi. Hii ya kuzama itawatia huzuni." Nilikata ukurasa wa tatu kwa kalamu yangu mwenyewe, na kwa sababu ya muda nikakata pia nusu ya ule wa kwanza.

Akasimama mbele na picha ukutani: yeye kwenye weupe usio na mwisho, anacheka, samaki mkononi. "Nilitembea juu ya ziwa kwa miguu yangu," alisema, na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Papa Adolphe, mzee wa kanisa anayefanya kazi kwenye ghala kule Hayes, mtoto wa mvuvi wa Kalemie, aliuliza kutoka kiti cha mbele, "Na unajuaje itakubeba?"

Marie-Claire alinitazama. Nilinyoosha kidole kwenye saa.

"Vidole vinne, Papa," akasema, akalaza kiganja ubavu kuonyesha unene. "Pungufu ya hapo usikanyage."

"Na huo mkufu?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, akaketi. Dakika zake zilikuwa zimekwisha.

Januari iliyofuata baridi ilikaza siku tisa mfululizo. Jumamosi asubuhi tulikuwa ukumbini, mimi na yeye, tunapanga viti, simu yake ikalia. Ilikuwa Armelle, mke wa Papa Adolphe. Alikuwa anacheka. Mumewe ameondoka na ndoo, nyundo na uzi, anakwenda Welsh Harp, lile bwawa kubwa chini ya Kingsbury. "Anasema niweke mafuta motoni. Amenitumia picha, ngoja nikurushie."

Picha ilikuja. Mkono wa Papa Adolphe umezama kwenye tundu ukingoni mwa bwawa, na barafu inafika mwisho wa kidole cha nne.

Nilisema, "Basi amepima vizuri."

Marie-Claire aliisogeza simu karibu na macho. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Alikuza picha kwa vidole viwili mpaka barafu ikajaa kioo chote. Ilikuwa nyeupe kama maziwa ya unga.

"Hii ni theluji iliyoganda," alisema. "Na pale mto unaingia. Katibu, piga simu. Zimamoto. Sasa hivi."

Nilipiga tisa tisa tisa tukikimbia. Ule mteremko naujua, ni dakika kumi kwa mguu, lakini siku hiyo haukuwa na mwisho. Sauti kwenye simu iliniuliza mahali, jina la barabara, ni watu wangapi. Nilijibu nikiwa naona mbele yangu ukurasa wa tatu na mstari wa kalamu juu yake.

Tulimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kama hatua arobaini kutoka ukingoni, mgongo kwetu, kofia ya sufu kichwani. Alikuwa na amani ya mtu aliyerudi kwa baba yake. Aliposikia miguu yetu aligeuza shingo.

"Mama Raïssa! Kuya uone mwanafunzi yako."

"Papa Adolphe," alisema Marie-Claire, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, kama anamwamsha mgonjwa. "Usisimame. Lala juu ya tumbo, urudi kwa njia uliyopita."

"Nilale? Miye mutoto?" Alicheka. "Vidole vine ulisema wewe mwenyewe, mbele ya kanisa. Ao una wivu, unaogopa nitakupita?"

"Niko na woga, Papa. Ndiyo. Lala."

"Hii barafu iko nguvu, minakuambia. Angalia."

Akasimama ili tuangalie.

Sauti iliyotoka haikuwa ya kuvunjika. Ilikuwa kama mtu anachana kitambaa kirefu, taratibu, kutoka kwake kuelekea kwetu. Papa Adolphe alitazama miguu yake kwa mshangao. Kisha hakukuwa na miguu, na ndoo haikuwepo, na kofia peke yake ilielea juu ya maji meusi.

Kichwa kikaibuka. Alifungua mdomo, hewa ikaingia kwa mkwaruzo, sauti haikutoka.

Sikufikiri. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari kwenye barafu nilipovutwa koti kwa nguvu, nikaanguka kwa makalio kwenye tope lililoganda.

"Ukiingia nitahesabu wawili," alisema Marie-Claire. Alikuwa analia, lakini mikono yake ilikuwa inafanya kazi. Alivua misumari shingoni, akalala kifudifudi ukingoni, na kuanza kuzungumza na mtu yule aliyekuwa majini. Nilikuwa nimempa dakika nne. Sasa alichukua alizotaka.

"Papa, nisikilize. Na miye nilianguka. Sikuwaambia. Ilikuwa Aprili, barafu ilikuwa nene kuliko hii, lakini nyeupe. Kwanza kifua kinafunga, unasema nimekufa. Haujakufa. Kinafunguka. Pumua. Pumua tena. Sasa geuka, uangalie huku. Huko mbele usiende, hujui kukoje. Huku ulipopita, barafu ilikubeba, unaijua."

Aligeuka. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alishika ukingo wa tundu, ukakatika mikononi mwake kama mkate.

"Natuma misumari."

Aliisukuma juu ya barafu kama mtoto anavyosukuma jiwe. Iliteleza, ikazunguka, ikapunguza mwendo. Niliomba sala ambayo sikuipangia muda. Ikasimama mbele ya kiwiko chake.

"Ng'oa vizibo."

"Mikono..." alisema. Ndilo neno lake la kwanza tangu azame.

"Basi tumia meno. Ng'oa kwa meno, Papa."

Aling'ata kizibo kimoja, akakitema. Cha pili kilichukua muda. Kichwa kilizama mara moja, kikarudi. Mimi nilikuwa nahesabu sijui nini. Kisha alichoma msumari wa kulia kwenye barafu, halafu wa kushoto.

"Piga miguu nyuma kama unaogelea. Usijinyanyue, jilaze."

Barafu ilivunjika. Akachoma tena. Ikavunjika tena. Mara ya tatu kifua chake kilipanda na kubaki. Msumari wa kulia, wa kushoto, tumbo, magoti.

"Usisimame. Nakuomba kwa jina la Yesu usisimame. Biringika."

Akabiringika kama gogo, huku barafu ikilalamika chini yake, mpaka zikabaki hatua kumi na mbili hivi, nguvu zikamwisha. Hapo zimamoto walifika na ubao wao mrefu. Mmoja aliyevaa nguo nyekundu ya majini alitambaa akamfunga, wenzake wakavuta. Misumari ilikuwa bado mikononi. Walishindwa kumfungua vidole, wakampeleka hospitali nayo.

Papa Adolphe alipona, ila vidole viwili vya mkono wa kushoto havihisi kitu hadi leo. Watu walimlaumu kwa kiburi, na kiburi alikuwa nacho. Lakini yeye alipima alivyofundishwa, na aliyemfundisha alifundisha alivyoruhusiwa. Ukweli uliokatwa katikati si nusu ya ukweli. Ni barafu nyeupe.

Jumapili ya tatu ya Februari nilisimama mbele nikasema nilichokata na kwa nini. Kisha nikampa Marie-Claire nafasi, nikavua saa nikaiweka mkobani. Alieleza maziwa yote ya kuyaacha, barafu zote mbili, na Aprili yake. Akamaliza kwa kusema kwamba hapa London hajawahi kuona barafu ya kukanyaga, wala hatarajii kuiona.

Hakuna aliyepiga makofi. Papa Adolphe alinyanyuka kutoka kiti cha mbele, akamrudishia misumari yake kwa mikono miwili.

"Mama Raïssa, hii inauzwa duka gani? Nitake na yangu."

"Ya nini, Papa? Utakwenda tena?"

Nilimwona akifunga na kufungua ule mkono wa kushoto.

"Hapana," akasema. "Sirudi."

"Basi huihitaji. Miye, tangu Aprili ile, siwezi kutembea bila hii," alisema Marie-Claire, akaipitisha kamba shingoni, akafunga koti juu yake.