Mifupa ya mpangaji wangu

Jamani, leo nimemkosea mpangaji wangu Rehema, tena mbele za watu.

Ni binti wa chuo, kapanga kwangu hapa Kerege. Friji tunatumia moja.

Asubuhi natafuta samaki, nakuta mifupa mirefu imeviringishwa kitambaa cheupe kilicholowa.

Kama sanda.

Nyie mngefikiria nini?

Sikumuuliza. Nilienda kijiweni nikasema nyumbani kwangu kuna mchawi. Tukarudi kundi zima na mjumbe.

"Shikamoo, baba," Rehema akanisalimia.

Sikuitikia.

Mjumbe akauliza mifupa ni ya nani.

"Ya ng'ombe. Naiviringishia kitambaa cha maji ya chumvi isikauke. Mfupa mkavu hauvunjiki kama wa mtu aliye hai."

Wa mtu? Hapo ndo nikazidi kushuku.

Akafungua kompyuta. Mfupa wa paja umechorwa, na rangi nyekundu pale kompyuta inapokisia utavunjika. Wa ng'ombe anauvunja kweli kwa mashine chuoni, aone kama kompyuta imekisia sawa.

"Tukipatia, baba, tutajua bibi yupi akiteleza bafuni atavunjika nyonga, tumkinge mapema."

Mwenye bucha naye alikuwemo kundini. "Mimi ndo namuuzia. Si ungeniuliza, kaka?"

Watu wakatawanyika. Rehema akaanza kufunga mabegi.

"Kesho sokoni wataniitaje, baba?"

Na niseme kweli, friji bado naifungua kwa woga.

Nimemwomba asubiri mpaka Ijumaa. Tukitoka msikitini nitasimama kijiweni, yeye akiwepo, niseme nilimzushia. Mliosikia ule uongo, njooni msikie na hili.