Kurasa za Noeli Kwenye Mikate ya Mama Mdogo

Mama mdogo alichana vitabu kuanzia nyuma, kwa sababu kurasa za nyuma ndizo zilizokuwa zimelegea. Kwa hiyo nilijua mwisho wa kila hadithi kabla ya kujua mwanzo wake, na jambo hilo lilinisumbua kuliko njaa.

Ilikuwa miaka ya vita. Treni zilikuwa haziji tena mjini kwetu Kindu, shule zimefungwa, unga wa ngano umekwisha sokoni. Mama mdogo, ndugu wa mama yangu ambaye ndiye aliyenilea, aliponda ndizi mbivu, akazichanganya na unga wa muhogo, akakaanga mikate midogo ya mviringo kwa mawese mbele ya nyumba yetu hapa mtaani Kasuku. Karatasi za kufungia alizipata kwa jirani, mke wa mfanyakazi wa reli. Yule mama alipokimbia na watoto wake alimwachia kasha zima la vitabu vya katuni vya Kifaransa.

Karibu vyote vilikuwa vya Noeli. Wanyama waliovaa makoti: bata mwenye skafu ndefu, paka mwenye hasira, nguruwe wawili ndugu, dubu mnene mwenye gunia la zawadi mgongoni. Na theluji kila ukurasa. Sisi ni Waislamu, Noeli tuliijua kwa majirani tu, lakini mama mdogo hakuona ubaya. Kilichomshangaza ni kitu kingine.

"Angalia huyu imbwa," aliniambia siku moja, ameshika ukurasa mbali na moshi. "Anakula ku meza, na kofia juu. Sisi tunakula chini."

Wateja nao walikuwa na yao. Mwanamke mmoja aliyekuwa akileta samaki kutoka Lokandu aliitazama theluji kwa muda mrefu, mkate ukipoa mkononi, akauliza kama huo wote ulikuwa unga. Nilimwambia ni baridi, ni maji yaliyoganda. Alitikisa kichwa kama mtu anayedanganywa na mtoto.

Nilikuwa darasa la sita shule zilipofungwa. Sikuwa na pa kwenda, na miguu yangu haikukubali kukaa. Nilisoma nimesimama, nikizunguka karai la mafuta, nikijaribu kumwahi mama mdogo kabla mkono wake haujafika kwenye ukurasa. Mara nyingi alinishinda.

Hadithi iliyonishika zaidi ilikuwa ya dubu. Mwisho wake nilikuwa nao: anafika kwa mama yake, mlango unafunguliwa, wanakumbatiana, lakini gunia halipo. Mwanzo nao nilikuwa nao: yuko ndani ya treni iliyokwama kwenye theluji, gunia limejaa. Ukurasa wa katikati sikuwa nimeuona. Asubuhi moja niliingia ndani kuchota maji, na niliporudi mama mdogo alikuwa ameshauchana, ameufungia mikate miwili, amempa askari mmoja. Askari mwenyewe alikuwa tayari anaelekea mtoni.

Nilimfuata. Sikufikiri. Nilitembea nyuma yake nikiwa nimekaza macho kwenye ile karatasi, nikiogopa ataitupa kwenye maji ya mtaro. Alipogeuka ghafla nilikuwa karibu mno kuweza kujifanya ninapita.

Alikuwa kijana, midomo imepasuka, bunduki begani na buti za plastiki miguuni. Mkate mmoja alikuwa ameshaumaliza.

"Weye mutoto, unanifata juu ya nini?"

"Juu ya karatasi, komanda."

"Karatasi gani?"

"Ile yenye mikate. Sijaisoma."

Aliitazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona mkononi mwake. Nilitamani kurudi, lakini sasa nisingeweza kuondoka bila ruhusa yake.

"Unajua Kifaransa?"

"Najua."

"Basi soma. Na mie nisikie."

Akala mkate wa pili haraka, akaninyooshea karatasi. Mawese yalikuwa yameilowesha hata picha za upande wa pili zikaonekana, na dubu akawa na vichwa viwili. Nilimsomea kwa Kiswahili. Abiria wanatetemeka kwa baridi. Dubu anafungua gunia lake. Soksi anampa bibi kuku, skafu anawagawia nguruwe, blanketi la mama yake anawafunika watoto wa sungura. Kisha anashuka kwenye treni, anaanza kutembea.

"Alifika kwao?" askari aliuliza.

"Alifika."

"Unajuaje? Karatasi imeisha."

"Mwisho nilishausoma. Mama yake alimufungulia mulango."

"Na mikono mitupu?"

"Na mikono mitupu."

Aliichukua karatasi kabla sijaigeuza, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati. Doa la mafuta likajitokeza papo hapo kifuani.

"Rudi kwenu," alisema. "Usifate tena askari. Hata mimi."

Nilipokata kona nilimkuta mama mdogo amesimama kando ya ukuta, mwiko mrefu wa kukaangia bado uko mkononi, kitambaa cha kichwa kimeanguka shingoni. Hakunipiga. Alinishika mkono kwa nguvu, na tukarudi nyumbani. Kwenye karai mikate yote ilikuwa imeungua, nyeusi kama makaa. Aliimwaga, akakaa juu ya kigoda, akanipa kasha.

"Utasoma kwanza. Ukimaliza, ndo nitachana."

Baada ya hapo nilisoma kwa sauti akiwa anakaanga, na watu walikaa hata baada ya kumaliza mikate yao. Mama wa samaki aliwahi kukasirika alipokuta nimeendelea bila yeye. Haikudumu. Milio ya risasi ilipoingia mjini tulivuka mto kwa mtumbwi kwenda Alunguli, ng'ambo ya pili, na nguo tulizovaa tu. Tuliporudi, milango ya nyumba ilikuwa imeng'olewa na kasha halikuwepo. Mama mdogo alitafuta unga, akaanza tena, akifungia kwa majani ya migomba.

Sasa mimi ni mwalimu, na wanafunzi wangu wanajua kwamba siketi. Kila sikukuu inapokaribia, Noeli au Idi, napita kwenye meza za vitabu vilivyotumika sokoni, nainua, naweka chini, naondoka, narudi. Mwaka jana nilipata kimoja, kizima, wanyama wa namna ileile. Nilikifungua nikiwa juu ya pikipiki ya kukodi.

"Mama, tunaenda?" dereva aliuliza.

"Ngoja kidogo."

Hakikuwa cha dubu. Kilikuwa cha likizo ya ufukweni, nguruwe amevaa miwani ya jua. Nilikisoma chote huku injini ikinguruma, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Kisha nikampelekea mama mdogo. Macho yake yamechoka, haoni herufi, ila picha anaziona. Alifungua ukurasa wa nyuma kabisa na kuniuliza huyu nguruwe ametoka wapi.