Maporomoko Yanayofunguliwa kwa Simu

Saa tatu asubuhi, Jumapili, mwongoza wageni aitwaye Bado Kidogo anafagia jiwe. Jiwe lenyewe, lile kubwa bapa ambalo wageni hukaa wakisubiri maji yaanguke. Anaondoa majani, vipande vya chupa, mavi ya mbuzi. Kisha anarudi nyuma, anainua macho juu ya genge. Pakavu. Anatoa simu, anapiga, inaita mpaka inakata.

"Hapokei," anasema. "Labda yuko juu langoni. Kule mtandao ni wa kubahatisha."

Sasa ukweli wenyewe ni kwamba maporomoko haya hayaanguki yenyewe siku hizi. Ukipita gereji ya mwisho ya mtaa, ukashuka kwa miguu korongoni, unayafikia kabla hata hujatoka jasho. Lakini juu yake kuna bwawa la kampuni ya maji, bwawa lina lango la chuma, na mlinzi wa lango ni shemeji yake Bado Kidogo, kaka wa mkewe. Wageni wakishakaa, Bado Kidogo anapiga simu. Shemeji anazungusha gurudumu. Muda si mrefu maji yanashuka kwa kishindo, watoto wanapiga kelele, watu wanalowa, picha zinapigwa, lango linafungwa. Wakubwa wa kampuni wakiuliza, jibu lipo tayari: tulikuwa tunatoa tope.

Kwa hiyo kazi yake, ukiitazama vizuri, ni kuwachelewesha watu. Anawaonyesha ufa unaofanana na mzee aliyenuna. Anawapeleka kwenye pango la popo. Anawasomea majina ya wapenzi yaliyochongwa mwambani, na kuwaambia akina nani kati yao waliachana. Mtu akichoka akauliza maji vipi, anajibiwa "bado kidogo". Ndilo jina lililomganda. Jina alilopewa na wazazi hata majirani hawalijui.

Kiingilio ni bei ya soda moja kwa mtu mzima. Watoto bure. Miaka ya nyuma, Jumapili mbili za maana zilitosha kulipa kodi ya vyumba viwili. Mwaka huu familia imehamia chumba kimoja, na kitanda cha watoto kimeegeshwa nje, kimefunikwa turubai.

Mkewe haoni raha yoyote ya maporomoko. Mabomba ya mtaa hayatoi maji, na yeye anaamka kabla ya watu kwenda kupanga ndoo kisimani.

"Mume wangu anamwaga maji watu wapige picha, mimi nagombea ndoo," anasema. "Na anayefungua ni kaka yangu, tumbo moja! Nikamshtaki kwa nani?"

"Mama watoto, yale ni maji ya tope," mumewe anajitetea.

"Basi niletee hilo hilo tope nifulie mashati yako."

Leo wageni wamekuja familia moja tu: dereva wa lori, mkewe na watoto wao wawili. Watoto wameshavaa nguo za kuogelea tangu nyumbani. Yule mdogo wa kike ana boya kiunoni, limepulizwa limejaa, anatembea nalo kama amevaa tairi.

"Mbali hatuwezi," dereva anasema akilipa. "Nauli peke yake ni balaa. Nikawaambia, kwani hapa kwetu hakuna pa kwenda? Twende tukaone vya karibu."

"Umefikiria vizuri sana, kaka," Bado Kidogo anamwambia. Anawaonyesha mzee aliyenuna. Watoto wanacheka. Anapiga simu kwa siri, mgongo umegeuka. Inaita. Anawasomea majina ya wapenzi, anaongeza wawili aliowabuni papo hapo. Anapiga tena. Anawapeleka kwenye pango. Hakuna hata popo mmoja.

"Wamehama," anasema, na yeye mwenyewe anaonekana kushtuka.

"Wamepata habari kabla yetu," mke wa dereva anasema.

Wanarudi kwenye jiwe. Jua limepanda. Mwenye boya anasimama katikati ya kidimbwi kilichopasuka nyufa, mikono kiunoni. "Anko, maji yako wapi?"

"Bado kidogo, mwanangu."

Dereva anasogea karibu, anashusha sauti watoto wasisikie. "Kaka, mimi wiki nzima niko barabarani. Siku ya kukaa na hawa ni hii moja. Sasa umewakalisha wanangu waangalie ukuta?"

Hapo ndipo shemeji anapotokea, anashuka korongo kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Hajawahi kushuka siku ya wageni hata mara moja.

"Simu zangu umeziona?" Bado Kidogo anamuuliza.

"Nimeziona, shemeji."

"Sasa? Si ufungue! Watu wamekaa hapa."

"Lango liko wazi."

"Umelifungua saa hizi?"

"Tangu alfajiri. Nimezungusha gurudumu mpaka limegota. Nikaona haya kukwambia kwenye simu." Anainua kidole, anaonyesha genge. "Ndiyo hayo."

Wote wanatazama. Kwenye mwamba kuna mstari umelowa, mwembamba kama mkanda wa suruali, unateremka pole pole na kukauka kabla haujafika chini.

Bado Kidogo anarudisha kiingilio bila kuulizwa. Dereva anakipokea. Mkewe anawapeleka watoto kwenye ule mstari, wanaegemeza migongo pale mmoja mmoja, wanapiga kelele kwamba ni baridi. Wanagombania zamu. Halafu unakauka hata pale juu, na familia inapanda njia ya kurudi, boya linakwaruza vichaka.

Mashemeji wanabaki wamekaa kwenye jiwe.

"Kampuni inatafuta watu wa koleo," shemeji anasema hatimaye. "Wachimbe tope bwawani wakati pakavu. Nimeshawatajia jina lako, lile la kweli."

Bado Kidogo anachangamka kidogo. "Si ndiyo vizuri? Tope likitoka, mvua ikija bwawa linajaa. Mabomba yanatoka, dada yako analala mpaka jua litoke. Na mimi Jumapili nakupigia."

"Unanipigia nifanye nini?"

"Ufungue."

"Nifungue nikitoa nini, shemeji? Mtakuwa mmeshalimaliza tope lote. Wakiniuliza maji yao nimeyamwagia nini, nitawaambia nakumwagia wewe?"

Bado Kidogo anamtazama. Anacheka, cheko moja fupi puani, basi. Anatazama genge, anatazama mikono yake.

"Wanatoa makoleo," anauliza, "au kila mtu aende na lake?"

"Kila mtu na lake."

"Mimi sina," anasema. "Jioni nitapita kwa watu niazime."