Mvua ya Kahawa

Nilirudi nyumbani Igamba kipupwe kikiwa kinaisha, ile wiki ambayo alfajiri unavaa koti na saa nne unalivua. Mpichi ulio nyuma ya jiko ulikuwa umejaa maua kabla ya kutoa hata jani moja, na miti ya mlimani ilikuwa imeanza kuchipua majani mekundu yanayotangulia mvua. Majira hayo hunivuruga. Wenzangu wakiyaona hunoa majembe. Mimi hukumbuka njia. Nimeondoka nyumbani mara nyingi, kwenda Saza kuchimba dhahabu, Kamsamba kwenye mpunga, Tunduma kupakia malori, na karibu kila mara niliondoka miti ikiwa na rangi hiyo.

Safari hii mama alinipokea na neno. Goti lake lilikuwa limemshinda, na shamba dogo lililo kando ya nyumba hangeliweza tena. Jirani yetu, mwalimu mstaafu, alikuwa ameliomba akodi. Mama alimwambia asubiri kwanza. Nikilima na kukaa mpaka palizi, shamba litabaki mikononi mwetu. Nisipokaa, jirani atalichukua, na mtu akishalima shamba lako mwaka mmoja, wa pili unaona haya kumwambia atoke. Nikasema nitalima. Nilisema haraka mno, na mama alinitazama kidogo kisha akaendelea kuchambua maharage.

Wiki mbili nililima kweli. Nilikusanya mabua ya mwaka jana nikayachoma, nikang'oa visiki, vumbi likanijaa puani. Kilichonisumbua ni simu. Rafiki yangu wa Kamsamba alikuwa na mchele wa kupeleka Tunduma, akitaka mtu wa kumsaidia. Kila akipiga nilitoka nje ya uzio kuongea. Nikirudi nilishika jembe kana kwamba sikuwa nimeliacha.

Halafu mchana mmoja, mwishoni mwa Septemba, mvua ikanyesha. Haikufika hata saa moja. Kwetu kila mtu anaijua: ni mvua ya kahawa. Huja, huamsha maua ya mibuni, kisha huenda zake, na jua huwaka wiki nyingi kabla ya mvua ya kupandia. Hakuna anayepanda mahindi kwa mvua hiyo. Nililijua hilo kabla sijaanza shule. Lakini ilipokatika tu, nilishusha mahindi ya mbegu yaliyotundikwa jikoni juu ya moto, meusi kwa moshi, nikayapukuchua, nikavuta kamba ya kunyoosha mistari, nikaanza kupanda. Mama alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nilipanda kama mtu anayefukuzwa.

Aliporudi alisimama mwisho wa mstari, viatu mkononi, matope miguuni. Aliuliza kama nimemaliza mbegu yote. Nikasema yote. Akauliza nadhani imenyesha mvua gani. Nikajibu kwamba huenda mwaka huu imewahi.

"Baba," akasema taratibu, "umepanda, au umeaga?"

Nilianza kukunja kamba. Rafiki yangu nilikuwa nimeshamwambia kwamba keshokutwa nitakuwa njiani.

Mama aliagiza nizifukue mbegu, maana zingeoza au kuliwa na mchwa, na mbegu nyingine hatukuwa nayo. Nikarudi shimo kwa shimo, nikikwangua udongo kwa vidole. Yeye alikaa kwenye kigoda akizifuta kwa kipande cha kanga na kuzitandaza kwenye ungo. Alisema kuku wangeifanya kazi hiyo upesi kuliko mimi. Chache zilikuwa zimeanza kuvimba, akazitenga.

"Hizi zilishakuamini," akasema, na kwa mara ya kwanza jioni ile akacheka.

Keshokutwa ilifika, sikuondoka. Rafiki yangu alinikejeli kwenye simu, akaniita bwana shamba, kisha akaacha kupiga. Siku kadhaa baadaye mibuni ilichanua yote kwa pamoja, mashamba yakawa meupe, harufu yake tamu ikaingia mpaka chumbani. Nyuki walivuma kutwa. Nilizunguka uani bila kazi, nikikaa, nikisimama, nikienda barabarani kutazama pikipiki zikipita na abiria wao.

Ndipo mwalimu alipokuja kutaka jibu. Mama alimkaribisha kiti, wakaulizana habari za nyumbani na za kanisa, kisha akamwonyesha upande wa chini, unaoelekea kijitoni, kwamba huo aulime mwaka huu. Mwalimu akashukuru. Akauliza, kwa upole, na huu wa juu je, uliokwisha kulimwa?

Mama hakunitazama.

"Huku juu pana mtu, mwalimu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta wa jiko, nikajiona kama mtu aliyefika stendi akaambiwa basi limeshaondoka. Nikaenda kuchukua jembe, ingawa siku ile hapakuwa na cha kulima.